Neno "quick" katika Biblia ya King James: lilitoka wapi, na mkalimani aseme nini jukwaani?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkunga katika kituo cha afya, na kwenye mikutano ya injili huwa namkalimania mhubiri anayehubiri kwa Kiingereza. Mkutano uliopita mgeni wetu alisoma Waebrania 4:12 kutoka King James: 'For the word of God is quick, and powerful.' Nikasema papo hapo, 'Neno la Mungu ni la haraka, tena lina nguvu.' Mhubiri akaendelea kueleza kwamba Mungu hujibu haraka, nami nikamfuata. Baadaye mzee wa kanisa akanifungulia Biblia ya Kiswahili, imeandikwa 'li hai', akasema nimepotosha watu. Mwenzangu wa kwaya akanitetea: Kiswahili ndicho kilichokosea, maana kamusi zote zinasema 'quick' ni haraka. Tangu siku hiyo sina raha. Nani amekosea? Hili ni neno moja lenye maana mbili, au ni maneno mawili yaliyofanana? Na vitabu vyetu vya ukunga vinapoita mtoto kuanza kucheza tumboni 'quickening', ni neno hilohilo? Nikikutana nalo tena jukwaani nifanye nini?"

Marahaba. Umeuliza mambo manne, ila naona linalokunyima raha ni moja: unaogopa kwamba uliwaambia watu jambo ambalo Maandiko hayakulisema. Nitaanza na hilo. Kisha tutaingia kwenye historia ya neno lenyewe, kwa sababu ukishaijua hutahitaji kukariri kanuni nyingi.

Kuhusu aya, mzee wako yuko sahihi. Kigiriki cha Waebrania 4:12 kina neno "zon", maana yake lililo hai. Kilatini cha kale kikaandika "vivus", nalo ni hai. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya 1952 inasema: "Maana Neno la Mungu li hai, tena lina nguvu, tena lina ukali kuliko upanga uwao wote ukatao kuwili." Kwa hiyo Kiswahili hakikukosea hata kidogo. King James nayo haikukosea. Ilichapishwa mwaka 1611, na Mwingereza wa wakati ule alipokuta "quick" mahali kama hapo alielewa "hai". William Tyndale, mfasiri wa Biblia kwa Kiingereza aliyeitangulia King James, alikuwa ameliweka neno hilohilo katika aya hiyohiyo kwenye Agano Jipya lake la 1526.

Wewe ulifanya nini basi? Ulichukua neno la 1611 ukalipa maana ya leo. Hilo ni kosa la tafsiri, sitalipamba. Lakini neno "kupotosha" ni zito mno. Anayepotosha anajua njia na anawapeleka watu kwingine. Wewe ulikuwa na sekunde mbili, kipaza sauti mkononi, na neno ambalo kila mwanafunzi wa darasa la tano anaambiwa ni haraka. Wapo Waingereza wengi, waliozaliwa Uingereza na kukulia huko, wanaosoma aya hiyo na kudhani vilevile ulivyodhani.

Mwenzako wa kwaya naye ana sehemu ya ukweli. Kamusi tunazobeba mkobani na zile za kwenye simu zimeandikwa kumsaidia mtu anayesoma gazeti au barua pepe. Zinaanza na maana inayotumika leo, na ya kale ama zinaiweka mwishoni kabisa ama zinaiacha. Kamusi kubwa ya Oxford, ile ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka 1884 na ya mwisho 1928, imepangwa kwa utaratibu mwingine: inafuata historia, maana kongwe kwanza. Ukiifungua hiyo kwenye "quick", uhai unatangulia na haraka inafuata baadaye sana. Aliyekwambia "kamusi zote" hakuwahi kukutana na kamusi ya namna hiyo.

Sasa swali lako la pili. Hili ni neno moja. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, liliandikwa "cwic", na maana yake ilikuwa hai, chenye uhai, kinyume cha mfu. Mtu "cwic" ni mtu anayepumua. Halikuhusu mbio wala muda.

Asili yake inakwenda mbali zaidi ya Kiingereza. Lugha nyingi za Ulaya, pamoja na za Uajemi na Bara Hindi ya kaskazini, zimetokana na lugha moja ya kale, na katika lugha hiyo kulikuwa na mzizi ulioanza na sauti inayokaribia "gw", wenye maana ya kuishi. Kila tawi liliigeuza sauti hiyo kwa mtindo wake, tena kwa utaratibu usioyumba. Kilatini kiliifanya "v", ndiyo maana kina "vivus", hai, na "vita", uhai. Kigiriki kilipata "bios" na pia "zoe", maneno mawili ya uhai kutoka shina moja. Kisanskriti kina "jiva". Kirusi kina "zhivoy". Tawi la Kijerumani, ambalo Kiingereza ni mtoto wake, liliigeuza "gw" ikawa "kw", na hapo ndipo "quick" ilipozaliwa. Kwa hiyo "zon" ya Kigiriki katika Waebrania na "quick" ya King James ni ndugu wa damu, ingawa kwa sura huwezi kuwadhania.

Na ndugu hao wengine wamefika mpaka kwetu. Baiolojia uliyosoma sekondari imebeba "bios". Antibayotiki unazotoa kituoni zimebeba "bios". Vitamini imebeba "vita": jina hilo lilibuniwa mwaka 1912 na mwanasayansi Casimir Funk, aliyeunganisha neno la Kilatini la uhai na jina la kundi la kemikali aliloamini vitu hivyo vimo ndani yake. Kila siku kazini unayataja maneno ya ukoo wa "quick", na yote bado yanasema uhai.

Ilikuwaje basi uhai ukawa haraka? Njia yake si ya ajabu ukiifuata hatua kwa hatua. Chenye uhai hujongea. Kwa hiyo kitu chochote kinachojongea chenyewe kilianza kuitwa "quick", hata kama hakipumui: maji yanayobubujika kutoka ardhini, kaa la moto linalowaka, upepo. Kutoka hapo neno likahamia kwa mtu mchangamfu, mwenye akili inayoshika mambo, mwenye mikono myepesi. Kiswahili kinaijua hatua hii, maana tunasema "amechangamka" kwa mtu aliyeacha unyonge na pia kwa anayefanya kazi bila kuzubaa. Hatua ya mwisho ilikuwa ndogo: anayefanya mambo kwa uchangamfu huyamaliza mapema, na neno likaanza kupima muda. Kuanzia karne ya 13 na ya 14 maana ya wepesi na haraka inaonekana katika maandishi, sambamba na ile ya uhai. Karne kadhaa maana hizo mbili ziliishi pamoja, na watu hawakuchanganyikiwa, kwa sababu mazingira ya sentensi yaliwaonyesha ipi inakusudiwa.

Kuna mashahidi wawili ningependa uwasikie. Geoffrey Chaucer, mshairi wa karne ya 14, anasimulia vijana wawili, Palamon na Arcite, waliokutwa katika lundo la maiti baada ya vita, na anasema hawakuwa "quyke" kamili wala wafu kamili. Hapo ni uhai mtupu. Ukiweka haraka sentensi inakufa. Halafu miaka 200 hivi baadaye, yapata 1600, Shakespeare katika "Hamlet" anawapambanisha Hamlet na mchimba kaburi. Mchimba kaburi anadai kaburi ni lake. Hamlet anamjibu kwamba kaburi ni la wafu, si la "quick", kwa hiyo anasema uongo. Naye mchimba kaburi anarudisha: basi huo ni uongo "quick", utaruka kutoka kwangu urudi kwako. Kicheko cha watazamaji kilitegemea wazisikie maana zote mbili kwa pamoja. King James ilitoka miaka kama kumi tu baada ya mchezo huo, na ndiyo sababu nasema wafasiri wake walikuwa wanazungumza lugha iliyoeleweka mtaani.

Baadaye uhai ukaondoka ndani ya "quick" kwa sababu ulikuwa umepata makao mengine. Kiingereza kilikuwa na "living", na kilikuwa na "alive", neno lililotokana na maneno mawili yaliyomaanisha "katika uhai". Hayo hayakuwa na utata wowote wa mbio. Polepole watu wakayachukua hayo kwa uhai, "quick" wakaiachia haraka. Kanisa ndilo lililobaki na matumizi ya zamani, kwa sababu maneno ya ibada hukaririwa na hayabadilishwi ovyo. Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha 1662 kinakiri kwamba Kristo atakuja kuwahukumu "the quick and the dead". Ibada nyingi za Kiingereza za leo zimeshaandika "the living and the dead". Wakatoliki wanaosali Kiswahili husema "wazima na wafu".

Hapo kwenye "wazima" naomba tusimame kidogo, kwa sababu pana jibu zuri kwa yeyote atakayekuuliza inawezekanaje neno moja liwe na maana mbalimbali bila kuleta fujo. Kwetu "mzima" ni aliye hai. "Mzima" pia ni asiyeumwa. Ndiyo maana tunaulizana, u mzima? "Mzima" ni kisichokatwa, kama mkate mzima. Na mtu mzima ni aliyekwisha kupevuka. Hakuna muumini anayeisikia Kanuni ya Imani akadhani watakaohukumiwa ni wasio na malaria, au wale waliopita miaka 18. Neno "wafu" lililo jirani yake linaifunga maana. "Quick" ya 1611 ilifanya kazi namna hiyohiyo. Tofauti ni kwamba sisi bado tunaishi na maana zote za "mzima", ilhali Mwingereza wa leo amebakiwa na moja tu ya "quick".

Nimesema amebakiwa na moja, ila kuna mabaki kadhaa ya uhai yaliyojificha ndani ya maneno marefu zaidi. Zebaki kwa Kiingereza cha zamani ni "quicksilver", fedha hai, kwa kuwa ni metali inayokimbiakimbia mezani kama yenye roho. Kilatini kiliiita vivyo hivyo, fedha hai. Mchanga didimizi ni "quicksand", mchanga unaojongea. Wengi wanadhani umeitwa hivyo kwa sababu unammeza mtu haraka, na sinema zimeongeza chumvi. Ukweli ni kwamba mchanga huo uliojaa maji ni mzito kuliko mwili wa binadamu, kwa hiyo mtu huzama mpaka karibu na kiuno kisha huelea. Kinachoua ni kunasa hapo hadi maji ya bahari yanapopanda.

Chokaa ndiyo mfano ninaoupenda zaidi, kwa kuwa ni kazi ya pwani yetu. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilijengwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe. Yale mawe yakishaungua kwa moto mkali, kinachobaki ni kitu ambacho ukikimwagia maji kinafoka, kinatoa mvuke na joto la kuunguza mkono. Kiingereza kinaiita chokaa ya hatua hiyo "quicklime", chokaa hai. Ikishanyweshwa maji ikatulia, jina hilo linaondoka. Anayetafsiri "quicklime" kama chokaa inayokauka haraka atampa fundi maelekezo ya hatari, kwa sababu hiyo ndiyo inayopofusha macho.

Na kuna msemo "cut to the quick". Hapo "the quick" ni ile nyama laini chini ya kucha, sehemu yenye hisia, tofauti na kucha yenyewe ambayo ukiikata huumii. Mtu aliyekatwa mpaka huko amechomwa moyoni, ameguswa pabaya. Nadhani ndivyo ulivyojisikia mzee alipokufungulia Biblia mbele ya wenzako.

Sasa tuje kwenye ukunga. Ndiyo, "quickening" ni neno hilohilo, na wewe unaijua kazi yake vizuri kuliko mimi: mama kusikia mtoto anacheza kwa mara ya kwanza, kwa kawaida kati ya wiki ya 16 na ya 20, mapema kwa aliyewahi kuzaa na baadaye kidogo kwa mimba ya kwanza. Hakuna haraka ndani yake. Maana yake ni kupata uhai, au kuonyesha uhai.

Hapo ndipo neno lilipobeba pia dhana ambayo tiba imekwisha kuiacha. Waingereza wa zamani hawakuwa na kipimo cha ultrasaundi. Ushahidi pekee wa uhakika kwamba kuna kiumbe hai tumboni ulikuwa mama kumsikia akijongea, na wengi waliamini kwamba kabla ya hapo uhai haujaingia. Imani hiyo ikaingia mahakamani. Mwanasheria William Blackstone, katika karne ya 18, aliandika kwamba machoni pa sheria uhai huanza mtoto anapoweza kujongea katika tumbo la mama yake. Mwanamke aliyehukumiwa kunyongwa aliweza kuomba adhabu iahirishwe kwa sababu ya mimba, na kundi la wanawake wenye uzoefu wa uzazi liliitwa kumpima. Kama mtoto alikuwa hajaanza kucheza, ombi lilikataliwa. Sheria ya 1803 kuhusu utoaji mimba iliweka adhabu ya kifo kwa aliyetumia sumu baada ya mtoto kucheza, na adhabu ndogo zaidi kwa kabla ya hapo. Tofauti hiyo ikaondolewa 1837. Utaratibu wa wanawake kupima wafungwa ulifutwa Uingereza mwaka 1931, karibu na wakati wetu kuliko mtu anavyodhani.

Wewe unajua kwamba moyo wa mtoto huonekana ukipiga kwenye kipimo tangu wiki ya sita hivi, miezi kadhaa kabla mama hajasikia kitu. Kwa hiyo usimfasirie mama "quickening" kuwa mtoto "amepata uhai". Mwambie tu mtoto ameanza kucheza. Kiswahili hapo kimewazidi wenzetu: kinataja anachokisikia mama, bila kudai kwamba kabla ya hapo hapakuwa na mtu. Na yule aliyefika wiki ya 24 hajasikia chochote, huyo aje kituoni apimwe, asibaki nyumbani akihesabu siku.

Turudi jukwaani. Katika King James unaweza kujiongoza hivi. Kivumishi "quick" chenyewe karibu kila mara kinahusu uhai. Petro katika Matendo 10:42, Paulo katika 2 Timotheo 4:1, na 1 Petro 4:5, wote wanasema juu ya walio hai na waliokufa. Katika Hesabu 16:30 na Zaburi 55:15 watu wanashuka shimoni "quick", maana yake wangali hai, na hapo mkalimani anayesema "haraka" anaiondoa hofu yote iliyokusudiwa. Zaburi 124:3 ni vilevile: wangalitumeza hai. Kitenzi "quicken" kinakwenda njia hiyohiyo, na Kiswahili chetu kina neno lake zuri, kuhuisha. Zaburi ya 119 imelijaza: "Unihuishe sawasawa na neno lako." Katika 1 Wakorintho 15:45 Adamu wa mwisho ni roho yenye kuhuisha.

Mtego uko kwenye kielezi. "Quickly" ndani ya King James hiyohiyo ni upesi, kama ulivyozoea. Malaika anawaambia wanawake kaburini waende upesi, Mathayo 28:7. "Naam; naja upesi," Ufunuo 22:20. Kwa hiyo kitabu kimoja kinatumia shina moja, bila silabi ya mwisho ni hai, ikiongezwa "-ly" ni upesi. Likikujia ghafla jukwaani, sikiliza mwisho wa neno, kisha tazama jirani yake: pakitajwa wafu, kaburi, roho au nafsi, chagua uhai.

Lakini utafanyaje mhubiri mwenyewe anapolielewa vibaya na kujenga juu yake? Hapa sina jibu lisilo na gharama. Ukitamka aya kama ilivyo katika Biblia ya Kiswahili, "li hai", halafu mhubiri akaeleza haraka, wasikilizaji wataona maelezo hayafuati aya, na wengine watadhani wewe ndiye uliyepotea. Ukimfuata mhubiri kwa "haraka", maneno yatashikana lakini utawaacha watu na aya ambayo haimo katika Biblia walizoshika mikononi. Ukimrekebisha papo hapo kwa kipaza sauti, umeacha ukalimani ukawa mhubiri wa pili, na hukutumwa hivyo.

Mimi ningesoma aya kutoka Biblia ya Kiswahili daima, neno kwa neno, kwa sababu maandishi si ya mhubiri wala si yako. Kisha maelezo yake ningeyakalimani kwa uaminifu kama anavyoyasema, hata yakiwa na kasoro, kwa kuwa hayo ni yake na atayajibu mwenyewe. Pengo likionekana, liache lionekane. Baada ya mkutano mwendee faraghani umwambie: Biblia yetu inasoma "hai", na Kigiriki kinasema hivyo. Wengi hupokea vizuri wakiambiwa bila hadhira. Na kama anataka kuhubiri kwamba Mungu hujibu upesi, Luka 18:8 ipo, Bwana anasema atawapatia haki upesi. Hahitaji kuiegemeza hoja hiyo kwenye Waebrania.

Njia bora zaidi ni kuomba orodha ya aya kabla ya mkutano, hata nusu saa kabla, na kuzisoma katika Kiswahili ukiwa umetulia. Hapo utayanasa na maneno mengine ya 1611 yaliyobadilika. "Peculiar people" ya 1 Petro 2:9 leo ingesikika kama watu wa ajabu, lakini ni watu wa milki ya Mungu. Neno hilo lilitoka kwenye Kilatini cha mali ya mtu binafsi, na mali hiyo ilitajwa kwa jina la mifugo. "Prevent" ya 1 Wathesalonike 4:15, ambayo leo ni kuzuia, pale ni kutangulia. "Conversation" katika nyaraka za mitume ni mwenendo, haihusu mazungumzo.

Kwa ukalimani wa mdomo, Biblia ya Kiswahili na busara yako vinatosha. Lakini ukipewa kazi ya kuandika, yaani kufasiri kitabu cha sala cha zamani, ungamo la imani, au wosia na hati za misheni zitakazochapishwa au kupelekwa mahakamani, usiifanye peke yako kwa kamusi ya simu. Mtafute mwalimu wa chuo cha theolojia anayesoma Kigiriki ukae naye juu ya aya zenye utata, au uwaendee watu wa Chama cha Biblia cha nchi yako. Hati ikiwa ya kisheria, mpelekee wakili pamoja na mfasiri aliyesajiliwa, kwa kuwa neno moja la zamani katika hati linaweza kubadili haki ya mtu.

Kuhusu mzee, mrudie umwambie alikuwa sahihi juu ya aya, na umweleze neno lilivyokuwa mwaka 1611, ili asidhani ulikisia tu. Kuhusu wale waliokusikia mkutanoni, mwombe mchungaji dakika moja Jumapili, isomwe Waebrania 4:12 kwa Kiswahili na kutajwa kwamba siku ile neno "hai" lilitamkwa "haraka". Huhitaji kuomba radhi kwa kirefu. Isomwe tu vizuri, ibada iendelee.